Nani alifuta daftari la akiba?

Wamama wapenzi, ni wiki tatu sasa watu wananiuliza njiani jambo lile lile: ni nani aliyefuta daftari la akiba katika kompyuta ya kikundi? Maneno yametembea kutoka soko la Kadutu mpaka mlangoni mwa shule ninayofundisha, na kila aliyeyabeba ameongeza chumvi yake. Mama prezida ameniomba niandike namna ilivyokuwa, kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu na ndiye niliyeitwa kukaa mbele ya mashine ile. Nitaandika yote, hata yale ya ndani ya programu, maana bila hayo hakuna atakayeelewa kwa nini mama mtunza hazina wetu hana kosa.

Nianze na mashine yenyewe. Ni ordinatere ya zamani, ile ya kukunja, tuliyopewa zawadi. Ilikuwa imejaa virusi, ikiwashwa asubuhi unaweza kupika chai na kuinywa kabla haijafunguka. Kijana wa mama mmoja wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliondoa mfumo wote uliokuwemo akaweka Linux. Hatukulipa hata franka moja, na mashine ikawa nyepesi.

Linux ni nini? Kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha: ndio unaopokea unachoandika, unaotunza mafaili, unaogawa kazi kwa programu. Ni kama mama mwenye nyumba anayejua kila sufuria iko wapi na nani anaruhusiwa kufungua kabati. Mwaka 1969 huko Marekani, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kujenga mfumo ulioitwa Unix. Baadaye, mwaka 1983, Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo unaofanana na huo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma na kuubadilisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo, akakitoa kwa watu wote. Kutoka kwa kazi hizo mbili ndipo tunapata Linux ya leo. Na msidhani ni kitu cha mbali: simu yako ya Android iliyo ndani ya kikwembe sasa hivi, kiini chake ni hicho hicho cha Linux.

Neno moja katika historia hiyo naomba mlishike: kuusoma. Mfumo huu na programu zake nyingi hazifungwi. Maagizo yaliyoandikwa ndani yanaweza kufunguliwa na kusomwa kama barua. Bila hilo tungekuwa bado tunanung'unikiana.

Sasa programu. Kijana wetu alitaka kutusaidia zaidi. Daftari la akiba lilikuwa faili moja lenye jina akiba.ods, ndani ya folda ya kikundi. Alisema: mashine ikiharibika, wamama wataliaje? Akaandika programu fupi ya mistari michache. Kila Ijumaa saa tatu ya usiku, mashine yenyewe, bila mtu kuigusa, ifute nakala za zamani, kisha itengeneze nakala mpya yenye tarehe. Katika Linux kuna mtumishi asiyeonekana anayeitwa cron, kazi yake ni kutazama saa na kufanya kilichoandikwa katika orodha yake. Ukimwandikia 0 21 * * 5, anaelewa: dakika sifuri, saa 21, siku yoyote ya mwezi, mwezi wowote, siku ya tano ya juma. Ijumaa usiku. Cron hachoki wala hasahau. Lakini mashine ikiwa imezimwa saa hiyo kwa sababu umeme umekatika na betri imekwisha, cron hafanyi lolote, na ukiiwasha kesho hatarudia kazi ya jana. Sisi tuliamini kwamba nakala inatoka kila Ijumaa. Nilipohesabu niligundua kwamba Ijumaa nyingi haikutoka. Hilo nalo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Na kwa sababu kompyuta ilikuwepo, tukaacha kaye. Hapo sote tulikosa, mimi pamoja nanyi. Kaye lile la karatasi, lenye jalada la bluu, tuliliweka chini ya sanduku na hakuna aliyeandika tena ndani yake.

Juma lile, siku ya Jumatano, mama mtunza hazina alikuwa na wasiwasi. Mashine ilijizima mara mbili. Akaamua kufanya nakala yake mwenyewe kwa mkono, akaiita nakala akiba.ods, akaiacha katika folda ile ile. Mama mwangalifu angefanya nini zaidi? Alhamisi wamama 7 walileta pesa nyumbani kwake: wengine mchango, wengine kulipa mkopo. Akaziandika zote katika akiba.ods. Ijumaa akaacha mashine imewashwa kama alivyoagizwa. Jumamosi kwenye kikao akafungua folda mbele ya watu.

Akiba.ods haikuwepo. Nakala zenye tarehe hazikuwepo. Lilibaki faili moja tu: nakala akiba.ods, ile aliyoifanya Jumatano kwa mkono wake, siku moja kabla ya wale 7 kulipa.

Fikirieni sura yake. Na fikirieni sura za wengine. Mama mmoja aliyekuwa amelipa mkopo wake wote Alhamisi, pesa ya sambaza aliyouza mwezi mzima, alijiona bado ana deni. Alisimama akasema: huyu alitengeneza nakala Jumatano ili Alhamisi ale, halafu Ijumaa afute ushahidi. Kwa kweli, ningekuwa mimi ningewaza vivyo hivyo. Sanduku lilifunguliwa na wenye funguo 3, bahasha ya Alhamisi ikahesabiwa: dola 210. Kila mmoja wa wale 7 akataja alichotoa, tukajumlisha: 230. Dola 20 hazikuonekana. Basi moto ukawaka, na kikao kikavunjika bila sala.

Nilianza kazi Jumapili mchana. Jambo la kwanza nililojiuliza: faili liko kwenye pipa la takataka la mashine? Hapana. Ukifuta faili kwa kubofya kwenye dirisha, linaenda pipani na unaweza kulirudisha. Lakini amri ya kuandikwa iitwayo rm haijui pipa. Inachofuta kimekwenda. Hilo lilinionyesha kwamba huenda aliyefuta si mtu aliyebofya, ni amri. Mama mtunza hazina hajawahi kuandika amri hata moja maishani mwake. Anajua kufungua daftari, kuandika na kuhifadhi.

Nikafungua programu ya kijana. Mstari uliokuwa na kazi ya kufuta ulikuwa huu:

for f in nakala*; do rm $f; done

Msiogope. Ukisomwa kwa Kiswahili unasema: kwa kila faili ambalo jina lake linaanza na nakala, liite f, kisha futa hilo f, ukimaliza, basi. Niliusoma mara kumi. Niliona hauna kosa: unafuta vinavyoanza na nakala, na akiba.ods hainzi na nakala. Nilirudi nyumbani na kichwa kizito, nikapika sombe ikaungua.

Jumatatu nilimwonyesha mstari ule msichana mmoja wa darasa langu, wa mwaka wa tano, ambaye mama yake ni mmoja wetu. Nilitaka tu kujua kama ningeweza kumweleza mtu. Akautazama, akauliza: «Madamu, mashine inajuaje jina linaishia wapi?»

Nilinyamaza kidogo. Hapo ndipo penyewe.

Sisi tukiona nakala akiba.ods tunaona jina moja lenye maneno mawili, kama vile Mama Mkubwa ni mtu mmoja. Lakini katika Unix na wajukuu wake wote, amri ni sentensi, na nafasi tupu ndiyo inayotenganisha neno na neno. Ukiandika rm, nafasi, jina, nafasi, jina lingine, umeiambia ifute vitu viwili. Sasa f ilikuwa na ndani yake nakala akiba.ods. Mashine ilipoweka hayo mahali pa $f, ilipata sentensi hii: futa nakala akiba.ods. Ikasoma maneno mawili. Ikatafuta faili linaloitwa nakala: halipo. Ikalalamika kidogo, ikaendelea. Ikatafuta faili linaloitwa akiba.ods: lipo. Ikalifuta. Kisha ikafika kwenye mstari wa kutengeneza nakala mpya ya akiba.ods, na akiba.ods haikuwepo tena ya kunakiliwa.

Faili ambalo programu ilitaka kulifuta ndilo pekee lililopona. Lile iliyotumwa kulilinda ndilo lililokufa. Miezi yote ya nyuma haikutokea kwa sababu majina yote ya nakala yalikuwa hayana nafasi ndani yake. Na yale malalamiko ya mashine, kwamba haioni faili liitwalo nakala? Yalitoka saa tatu ya usiku, mbele ya kiti kitupu.

Dawa yake ni alama mbili ndogo:

for f in nakala*; do rm "$f"; done

Vifungo hivyo vya usemi vinaiambia mashine: kilicho humu ndani ni kitu kimoja, usikikate.

Jumatano jioni niliomba kikao kidogo. Sikutaka kuja na maelezo tu, maana maelezo ya mwalimu huweza kuonekana kama ya mtu anayemtetea rafiki. Tulitengeneza folda ya majaribio, tukaweka ndani yake mafaili matupu yenye majina yale yale. Msichana ndiye aliyeandika. Badala ya rm aliweka rm -i, ambayo huuliza kabla ya kufuta kila kitu. Akauandika mstari wa kijana kama ulivyo, bila vifungo. Mashine ikajibu kwanza kwamba hakuna kitu kinachoitwa nakala. Kisha ikauliza: nifute akiba.ods?

Mama yule wa sambaza alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akasema: rudia. Tukarudia mara tatu. Mara ya tatu akamgeukia mtunza hazina, akamshika mkono, hawakusema neno. Sisi wengine tulitazama chini.

Kijana aliyeandika programu alikuwepo pia, amejikunja kama mtu aliyevunja chungu cha bibi. Nikamweleza mbele ya wamama jambo ambalo napenda na nyinyi mlijue. Mwaka 2011 watu wenye ujuzi mkubwa walitoa programu iitwayo Bumblebee, ya kusaidia kompyuta za kubebeka zenye kadi mbili za picha. Katika maagizo ya kuiweka, mtu mmoja aliacha nafasi moja tupu mahali pasipotakiwa, baada ya neno /usr. Walitaka kufuta folda ndogo iliyo mbali ndani yake. Mashine ikasoma: futa /usr yote. Na /usr ndimo zinamokaa programu karibu zote za mfumo. Watu waliowasha maagizo hayo walipoteza mfumo wao. Nafasi moja, kidole gumba kimegusa kibao mara moja zaidi. Kwa hiyo kosa la kijana wetu ni la ukoo mkubwa. Lakini kosa lake la pili ni lake, nami nilimwambia: alifuta kwanza, akanakili baadaye. Hakuna mama anayemwaga maji ya jana kabla hajarudi mtoni na mtungi umejaa. Sasa programu inanakili kwanza, inahakikisha nakala ipo, ndipo inafuta ya zamani.

Mama prezida aliuliza swali zuri: kwa nini tusilifunge faili la akiba, lisifutike? Nilipenda swali hilo kwa sababu jibu lake linawashangaza hata wanafunzi. Unix ilijengwa kwa ajili ya watu wengi kutumia mashine moja, basi kila faili na kila folda vina ruhusa za aina tatu, kusoma, kuandika na kuendesha, na zinagawiwa kwa watu wa aina tatu: mwenye kitu, wa kikundi chake, na watu wengine wote. Ni kama nyumba zetu: mwenye nyumba, jamaa, na mgeni aliyesimama uani. Unaweza kabisa kuliwekea faili ruhusa ya kusoma tu. Lakini kulifuta hakutazami ruhusa za faili. Kunatazama ruhusa za folda. Folda kwa kweli ni orodha ya majina, na kufuta ni kukata jina kwenye orodha. Mwenye haki ya kuandika katika orodha anaweza kukata jina, hata kama chumba chenyewe kimefungwa. Kwa hiyo kulifunga faili peke yake kusingetuokoa usiku ule. Tulichofanya ni kuweka nakala katika folda nyingine ambayo mwenyewe ni mtumiaji mwingine, na akaunti ya kila siku inaweza kuisoma lakini haiwezi kuandika ndani. Na kila Jumamosi nakala moja inaenda kwenye fleshi, fleshi inalala katika sanduku lenye funguo 3.

Na kaye la bluu limetoka chini ya sanduku. Anayeleta pesa anaandikiwa hapo kwanza, kwa biki, anatia sahihi au kidole, ndipo kompyuta inafuata.

Zile dola 20? Sitawadanganya: hazijapata mwenyewe. Programu ilituonyesha nani hakufuta. Haikuweza kutuonyesha nani alitoa kiasi gani Alhamisi ile. Wale 7 walikaa pamoja, wakabishana, mwishowe wakakubali kila mmoja apunguziwe sehemu yake ya pengo. Mmoja wao hajaridhika mpaka leo na ameniambia niandike hivyo. Nimeandika.

Sasa naomba niwaambie kitu kuhusu namna ya kuuliza, kwa sababu tangu habari hii mnaniletea simu na mashine zenu, na swali ni moja: «Mwalimu, haifanyi.» Sina la kujibu hapo, kama vile daktari hana la kujibu kwa mtoto anayesema tu anaumwa. Niambie ulitaka ifanye nini. Niambie uliandika nini, herufi kwa herufi, na kama kuna nafasi tupu nionyeshe ilipo. Niambie yenyewe ilijibu nini, maneno yake na si maneno yako. Ukisema «ilikataa» umeninyima nusu ya ushahidi. Na zaidi ya yote niambie kilichobadilika tangu siku ilipokuwa inafanya vizuri. Sisi jibu letu lilikuwa hapo: kilichobadilika ni faili moja jipya lenye nafasi ndani ya jina lake. Kama ningeuliza hivyo Jumapili, sombe isingeungua.

Msichana ninayefundisha alijua kuuliza bila kufundishwa. Nasema hivi kwa wenye mabinti nyumbani: kompyuta ya kikundi si ya kijana mmoja. Siku ya kikao kijana alitaka kukaa yeye kwenye kibao, akidai ndiye anayejua. Mama prezida alimwambia aketi. Tangu hapo mabinti 4 wanakuja Jumamosi. Hawajui mengi. Wanajua kufungua dirisha jeusi la kuandikia amri, wanajua ls inaonyesha majina yaliyo katika folda, cp inanakili, na wanajua kwamba rm hujaribiwa kwanza katika folda ya majaribio, tena pamoja na -i. Mama mmoja alinung'unika kwamba binti anachelewa kuchota maji. Tukasogeza saa.

Programu yenyewe nimeichapisha kwenye karatasi, nimeandika chini ya kila mstari maana yake kwa Kiswahili, na imebandikwa ukutani mwa biro yetu karibu na orodha ya michango. Mama yeyote anaweza kuisoma au kumwambia mwanawe amsomee. Ukiona kitu usichokielewa, uliza. Kijana amekubali kwamba hatabadilisha mstari wowote bila kuubandika pale kwanza.

Tutakutana tena Jumamosi saa nane ya mchana, umeme ukiwepo au usiwepo, betri nimeichaji nyumbani kwa jirani mwenye sola. Msichana wangu ana swali jipya ambalo ametuandikia ubaoni: je, kama jina la faili likianza na kistari, mashine itadhani ni jina au ni sehemu ya amri? Nimemwambia simjibu, folda ya majaribio ipo.